Tanga likishaanuliwa tusimwache mfiwa: namna jumuiya inavyoweza kubeba msiba mpaka mwaka uishe

Jamani, siku tatu za kwanza za msiba watu wetu tunaziweza sana. Mtu akifariki saa nane usiku, kufika saa mbili asubuhi turubai limeshafungwa, viti vimeshashushwa kwenye kirikuu, kina mama wameshaanza kuosha masufuria, kamati ya mazishi imekaa chini ya mti na daftari la michango lipo mezani, kalamu imefungwa uzi isipotee. Hapo hatuhitaji kufundishwa na mtu. Shida inaanza siku ya nne. Turubai limeondoka, ndugu wamepanda basi kurudi Moshi au Songea au Bukoba, ua umebaki na majivu ya mafiga, na mfiwa kwa mara ya kwanza yupo peke yake na kile kitanda. Na sisi jumuiya tunarudi kwenye ratiba zetu tukiamini kazi tumemaliza, wakati kwa mwenye msiba ndo kwanza inaanza.

Naandika kama mtu ninayesali jumuiya ndogo ndogo, yaani kaya jirani zinazosali pamoja, hapa Dar es Salaam, parokia ya kawaida tu, kwahiyo mifano mingi itakuwa ya kwetu Wakatoliki, ila Mlutheri au Mpentekoste atajiona humu, na Waislamu nao nitawagusa maana mitaa yetu imechanganyika. Hizi jumuiya maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele kwenye mkutano wa umoja wao, AMECEA, wa mwaka 1976 pale Nairobi, lengo likiwa kanisa lishuke mpaka kwenye nyumba za watu wanaojuana kwa majina. Sasa kama kanisa limeshuka mpaka sebuleni kwa mtu, basi lazima liwepo pia siku sebule hiyo ikiwa kimya.

Mpange kabla hajafa mtu

Najua hakuna anayependa kuongelea hili, lakini kikao cha kupanga mambo ya msiba kifanyike wakati hakuna aliyefiwa. Mkae jumamosi moja baada ya sala mkubaliane vitu vichache: kila kaya inatoa rambirambi kiasi gani, nani anashika pesa, nani anaandika, nani anakwenda kwa paroko kutoa taarifa na kuandikisha misa, na zaidi ya yote nani atakuwa mtu wa mfiwa. Huyo wa mwisho ndo watu wengi wanamsahau. Kila jumuiya ina mwenyekiti, katibu, mhazini, mtu wa karitasi (misaada kwa wenye shida), lakini siku ya msiba wote hao wanakimbizana na jeneza na kosta na mchele, unakuta hakuna hata mmoja ambaye kazi yake ni mjane mwenyewe.

Mkikubaliana kiasi cha rambirambi wakati vichwa vimetulia hamtagombana siku ya msiba. Na kiwe kiasi ambacho mama anayeuza mboga atakiweza bila kukopa, mwenye uwezo ataongeza mwenyewe kwa mkono wake wa pole. Msiweke kiwango cha kumfanya mtu ajifiche ndani asije kuhani kwasababu hana hela, nimeona hiyo na inauma, mtu anapita njia ya nyuma kukwepa msiba wa jirani aliyekuwa anampenda.

Alafu muwe na daftari la misiba, tofauti na lile la michango. Daftari la kawaida tu la kaunta buku. Kila msiba unapewa kurasa zake mbili: jina la marehemu, tarehe aliyofariki, alipozikwa, nani kabaki nyumbani, watoto wangapi na wanasoma wapi, nani wa ukoo anashika mambo, na chini mnaacha nafasi ya kuandika kila mtu aliyekwenda kumuona mfiwa na lini. Nitalirudia hili daftari mara nyingi humu ndani kwasababu bila hilo kila kitu kinategemea kumbukumbu na kumbukumbu ya watu wenye shughuli zao haifiki hata mwezi.

Siku za mwanzo

Hizi sitakaa nazo sana. Mambo matatu tu.

Kwanza, mtu wa mfiwa. Awe wa jinsia yake, mtu mzima, asiye na maneno mengi. Kazi yake ni kukaa naye kwenye mkeka, kuhakikisha amekunywa uji hata nusu kikombe, amemeza dawa zake kama ana presha au sukari (hii ni muhimu mno, watu wanaanguka msibani kwasababu siku mbili hawajameza dawa), simu ya mfiwa ameshika yeye huyu mtu wa mfiwa na anapokea yeye, na mfiwa akitaka kulala basi mlango unafungwa hata kama amekuja mheshimiwa gani. Mfiwa asiamshwe kuja kusalimiana na kila kosta inayofika.

Pili, pesa. Namba ya kupokelea michango iwe ya mhazini na iwe imetajwa kwenye grupu la wasap na mwenyekiti mwenyewe, isiwe kila binamu anatuma namba yake. Kila siku jioni hesabu isomwe mbele ya kamati na mwakilishi wa familia. Na hapa nasisitiza kutoka moyoni: msile hela yote. Bajeti ya msiba ikipangwa, fungu la baada ya mazishi litengwe palepale kabla ya kununua hata kilo moja ya nyama. Tumezoea kuchinja, kukodi muziki, kuvaa sare za kitenge, kupamba jeneza, alafu wiki inayofuata mama hana hata ya umeme wa luku. Mkiniuliza mimi, afadhali wageni wale wali maharage na mfiwa abaki na ada ya watoto ya muhula mmoja, na wageni waungwana hawatalalamika.

Tatu, na hili litawakera baadhi ya viongozi, msibani sio mahali pa kudai michango ya jumuiya. Tunajua wote inavyokuwa. Marehemu alikuwa haonekani jumuiya, hajalipa zaka, basi watu wanakusanyika pembeni kujadili kama azikwe kikanisa au asizikwe, na wengine wanataka familia ilipe kwanza madeni ndo padri aitwe. Kanuni za nani azikwe kikanisa zipo na mwenye kuzisema ni paroko, mwachieni yeye, katibu wa jumuiya hana kazi ya kuhukumu. Hata kama jibu litakuwa ni sala fupi tu bila misa, jumuiya iende, iimbe, ichimbe kaburi, ipike. Mtoto wa marehemu anaangalia. Atakumbuka maisha yake yote nani alikuja na nani alikaa nyumbani kwasababu ya deni la elfu kumi.

Maneno ya kusema na ya kunyamaza

Kuna maneno yanatoka yenyewe mdomoni. Kazi ya Mungu haina makosa. Mungu kampenda zaidi. Bwana ametoa Bwana ametwaa. Jikaze, wewe ndo mkubwa. Usilie unamsumbua marehemu. Mimi nayaamini maneno mengine kati ya hayo, ila kuna tofauti kati ya mfiwa kuyasema mwenyewe na wewe kumwekea mdomoni. Ayubu ndiye aliyesema Bwana ametoa na Bwana ametwaa, na aliyasema akiwa yeye ndo kafiwa na watoto. Marafiki zake walipofika walikaa naye chini siku saba usiku na mchana bila kusema neno, na huo ulikuwa msaada wao mkubwa kuliko wote, matatizo yalianza walipofungua midomo kumuelezea kwanini yamempata. Na Yesu mwenyewe kwenye kaburi la Lazaro alilia, huku akijua anakwenda kumfufua. Kwahiyo mtu asituambie kulia ni kukosa imani.

Mfiwa akikwambia "kwanini Mungu kanifanyia hivi" hakuulizi swali la katekisimu. Kaa. Mshike mkono. Sema pole mama, inauma sana. Sema kitu unachomkumbukia marehemu, kitu kidogo cha kweli, kwamba alikuwa anawahi kufungua mlango wa kanisa, kwamba alikukopesha hela ya daladala mwaka fulani na hakuidai. Wafiwa wana kiu ya kusikia jina la mtu wao likitajwa, sisi tunalikwepa tukidhani tunawaumiza.

Na usimwambie "ukihitaji chochote nipigie". Hatapiga. Hana nguvu ya kufikiria anahitaji nini, na mtu wetu ana aibu ya kuomba. Badala yake mwambie kitu chenye siku na saa: kesho saa kumi na mbili nampitia mtoto nampeleka shule, jumatano naleta mboga jioni, jumamosi nakuja kufua.

Kutoka siku ya nne mpaka arobaini

Hapa ndo pa kuwekea nguvu.

Siku ile tanga linaanuliwa, kabla watu hawajatawanyika, mtu wa mfiwa na katibu wakae na yule wa ukoo anayebaki, wapange zamu. Zamu yenyewe ni rahisi. Wiki mbili za kwanza kila siku kuna mtu mmoja au wawili wanapita, asubuhi au jioni, sio kundi. Wiki ya tatu mpaka ya sita mara tatu kwa wiki. Inaandikwa kwenye daftari na inatumwa kwenye grupu, lakini grupu dogo la wale wa zamu tu, sio lile kubwa ambalo mfiwa mwenyewe yumo, maana hakuna anayependa kujisoma kwenye ratiba.

Anayepita afanye nini? Aingie jikoni. Yaani mimi naamini nusu ya faraja ipo jikoni na kwenye karo. Siku ya nne au ya tano utakuta nyumba ya mfiwa ina vyombo vya watu kumi na tano vimechanganyika, masufuria ya jumuiya, vijiko vya jirani, jagi la sijui nani, na mwenye kukodisha viti anapiga simu viti viwili havionekani. Mjane ndo anatafuta viti! Hivo vitu viwe vya jumuiya. Vijana wa VIWAWA (chama cha vijana Wakatoliki) wapewe kazi ya kurudisha vyombo vyote nyumba kwa nyumba, madeni ya turubai na viti yafungwe na kamati, na mfiwa asisikie hata simu moja ya mtu anayedai.

Baada ya vyombo kuna nguo za marehemu. Msiharakishe. Kuna ndugu wanakuja na utaratibu wa kugawa nguo siku ya tatu au ya nne, kila kabila na mila yake na sitaki kuingilia mila za watu, ila kama mjane au mgane hajawa tayari basi aruhusiwe kubaki na kitu, hata shati moja. Mama mmoja wa jumuiya yetu alibaki na koti la mumewe la kazini, akalitundika nyuma ya mlango, na kila tulipokwenda kusali pale tulilikuta palepale, na hakuna aliyesema kitu. Alilitoa mwenyewe baada ya muda mrefu akampa kijana wa bodaboda, kipindi cha mvua.

Sala za jumuiya katika kipindi hiki zihamie kwa mfiwa mara moja kwa wiki kama anakubali. Fupi, rozari makumi mawili na wimbo, basi. Wasigeuze kikao, wasisome taarifa ya mapato na matumizi pale. Na mwenye nyumba asipike. Kila anayekuja aje na chake, chai kwenye chupa, mihogo, maandazi, na yanayobaki yanaachwa hapo.

Mkifika siku ya arobaini, kama familia inafanya, iwe misa na chai. Kuna tabia ya kufanya arobaini kuwa msiba wa pili, turubai tena, nyama tena, michango tena. Semeni hapana kwa upendo.

Katika hizi wiki muwe mnaangalia pia uzito umefika wapi. Kulia, kukosa usingizi, kusikia kama marehemu anafungua geti, kusahau sahau, hayo ni ya kawaida na yanapungua taratibu. Lakini mtu akiwa hali kabisa mwili unaisha, ameanza pombe ambayo hakuwa nayo, haogi, au anasema maneno kama "na mimi namfuata" au "watoto watalelewa tu na bibi yao", hapo msiishie kumuombea. Muulizeni wazi, unafikiria kujiua? Kuuliza hakumpi wazo, kunampa nafasi ya kusema. Asiachwe peke yake usiku huo, na kesho yake mtu aende naye hospitali, hospitali kubwa za serikali zina kitengo cha afya ya akili. Padri na daktari hawagombani, mtu anaweza kupakwa mafuta ya wagonjwa na kumeza dawa wiki hiyohiyo.

Makaratasi

Hili linaonekana sio la kiroho lakini limewatesa wajane kuliko kaburi lenyewe. Ndani ya mwezi wa kwanza mtu mmoja wa jumuiya anayejua kusoma fomu vizuri aende na mfiwa kushughulikia cheti cha kifo RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo) au kwa mkuu wa wilaya, wakiwa na karatasi ya hospitali au ya mtendaji pamoja na kibali cha mazishi. Bila cheti cha kifo benki hawakusikilizi, mifuko ya hifadhi ya jamii NSSF au PSSSF hawakusikilizi, kazini kwa marehemu hawakusikilizi. Na watu wengi hawajui kwamba NSSF wana msaada wa mazishi na mafao ya urithi kwa wategemezi, familia inakaa na njaa wakati kuna haki yao imelala ofisini.

Alafu mirathi. Familia inakaa kikao, inaandika muhtasari, inampendekeza msimamizi, wanakwenda mahakamani, mara nyingi mahakama ya mwanzo. Msimamizi wa mirathi ni mtu wa kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa kwa warithi, mali haiwi yake. Naomba maneno hayo mwenyekiti ayaseme kwa sauti kwenye kikao cha familia akialikwa, maana shemeji wengi wanadhani wakiteuliwa basi nyumba imekuwa yao. Jumuiya haina mamlaka ya kuamua mirathi ya mtu na isijifanye inayo, ila inaweza kumsindikiza mama mahakamani, inaweza kumtafutia msaidizi wa kisheria, na ikitokea mtu amekuja na gari kubeba makochi na jokofu, wazee watatu wa UWAKA (umoja wa wanaume Wakatoliki) wakiwepo tu pale wamekaa kimya kwenye baraza, mambo yanatulia yenyewe.

Wale tunaowasahau

Mwanaume aliyefiwa na mke. Kina mama wa WAWATA (chama cha wanawake Wakatoliki) wanajua kwenda kwa mjane, ila kwa mgane wanaona aibu, na wanaume wenzie wanampa pole ya mkono na kumwambia jikaze, baada ya mwezi wanaanza kumuuliza ataoa lini. Mzee mmoja kwetu alibaki na binti wa darasa la tano, hajui sare ipo wapi, hajui nywele za mtoto zinasukwa siku gani, na anaona haya kuuliza. Kilichomsaidia ni rafiki yake mmoja aliyekuwa anakuja kila alhamisi jioni na drafti, wanacheza mpaka saa tatu, na katikati ya mchezo ndo anaongea. Mwanaume wetu ukimkalisha umuangalie usoni umwambie toa ya moyoni hatoi, mpe kitu cha kufanya na mikono, ataongea mwenyewe. Na mama mmoja aliyekubaliwa na familia ashughulikie ya binti waziwazi, kila mtu akijua, ili maneno ya mtaani yasipate pa kuingilia.

Watoto. Acheni kuwaambia baba amesafiri. Mtoto anasubiri kweli, anakaa getini, na siku akigundua anakuwa amepoteza baba na anakuwa hawaamini tena wakubwa. Aambiwe kwa maneno mafupi na mtu anayempenda, kwamba baba amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hatarudi, sio kosa lako, na sisi tupo. Hiyo ya sio kosa lako lazima isemwe kwasababu watoto wengi wanajilaumu kimyakimya. Kama anataka kuaga mwili aende na mtu wake amemshika mkono, kama hataki asisukumwe. Mwalimu wa Utoto Mtakatifu (chama cha watoto kanisani) na mwalimu wa shule wote wapewe taarifa, matokeo yakishuka muhula huo asichapwe.

Mama aliyepoteza mimba au mtoto kazaliwa amefariki. Huyu hafungiwi turubai, kichanga kinazikwa na wanawake wachache au wazee wawili, na jioni kila mtu anaendelea na shughuli zake, wakati maziwa yanamtoka. Anaambiwa "utazaa mwingine". Jamani uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mwandikeni kwenye daftari kama msiba mwingine wowote. Muulizeni kama mtoto alipewa jina, na kama lipo litajeni kwenye sala. Kwa sisi Wakatoliki, mtoto aliyefariki kabla ya ubatizo ambao wazazi walikusudia kumbatiza anaweza kuruhusiwa maziko ya kikanisa, sheria ya kanisa ya mwaka 1983 inasema hivyo na mwenye kutoa ruhusa ni askofu, kwahiyo muulizeni paroko msikate tamaa kabla. Na baba wa mtoto naye kafiwa, mkumbukeni.

Aliyejiua. Hapa watu wanakimbia, nyumba inabaki na ndugu wawili watatu na minong'ono. Sheria hiyohiyo ya 1983 haimtaji tena aliyejiua kwenye orodha ya wanaonyimwa maziko ya kikanisa, na mapadri wengi wanaelewa kwamba mtu huyu alikuwa mgonjwa. Familia hii inahitaji jumuiya mara mbili, kwasababu wana huzuni na wana aibu na kila mmoja anajiuliza angefanya nini tofauti. Sheria ya kwanza kwenu: msiulize alivyojiua. Msiulize kabisa. Kiongozi akisikia story inatembea kwenye grupu aifute na aongee na aliyeileta pembeni.

Jirani Muislamu, na familia zilizochanganyika

Mitaani kwetu msiba ni wa wote. Kwa Waislamu mazishi yanafanyika haraka, mara nyingi siku hiyohiyo, kwahiyo mkisema mtakwenda jioni mtakuta wameshazika. Nendeni mara mkisikia. Kuosha, kukafini (kuvisha sanda) na kumsalia maiti wanafanya wenyewe, nyie mnasaidia viti, maji, usafiri, kuelekeza wageni, na vijana wanaweza kusindikiza jeneza. Kwenye chakula, mchinjaji awe Muislamu na masufuria yasiwe yamepikiwa nguruwe, hili hata kwenye misiba yetu tunalifanya ili majirani wale kwa amani. Na wao wana mafundisho mazuri, Mtume aliwaambia watu wawapikie chakula jamaa wa binamu yake Jaafar alipouawa vitani, yaani mfiwa ndo apikiwe, asiwapikie waliokuja.

Mjane wa Kiislamu anakaa eda miezi minne na siku kumi (kama ni mjamzito mpaka ajifungue), anatulia nyumbani, hajipambi. Jumuiya ya Wakristo inaweza kumsaidia sana hapo. Nani anakwenda sokoni, nani anampeleka mtoto kliniki, nani analipia bili ya maji? Kina mama wenzie wa mtaani hata kama ni wa rozari waingie zamu na kina mama wa msikitini, wapeane siku.

Kama familia yenyewe ni mchanganyiko, baba Muislamu na mama Mkristo mfano, swali la azikweje liamuliwe na imani ya marehemu na familia yake, jumuiya isivute kamba. Nimeshuhudia maiti inasubiri mochwari siku nzima wakubwa wanabishana. Mnaweza kufanya sala yenu baadaye nyumbani kwa mama bila kugombania mwili.

Ukiwa msiba wa mji mzima

Kuna misiba inazidi jumuiya. Mei 6 mwaka 2017 gari la wanafunzi wa darasa la saba lilitumbukia korongoni Karatu, wakafa watu 35, wanafunzi, walimu na dereva, na siku ya kuwaaga uwanja wa Sheikh Amri Abeid pale Arusha viongozi wa dini zote walisimama pamoja mbele ya majeneza. Mwanza nao wana makaburi ya Igoma walikozikwa wengi wa MV Bukoba iliyozama Mei 21 mwaka 1996, na ibada za kumbukumbu zimekuwa zikifanyika. Kwenye msiba wa namna hii kosa ni kila dini kufanya kivyake. Viongozi wa mtaa, sheikh, padri, mchungaji wakae siku ya kwanza wagawane familia, kila familia ipate watu wake maalumu wa kuifuata mwaka mzima, maana kamera zikiondoka kila nyumba inabaki na msiba wake mmoja.

Mwaka wote

Baada ya arobaini ratiba inapungua lakini haifi. Mara moja kwa mwezi mtu anapita. Alafu kuna tarehe za kuandikwa kwa wino mwekundu kwenye lile daftari: siku ya kuzaliwa ya marehemu, siku ya ndoa yao, Krismasi ya kwanza, Januari ya ada, tarehe 2 Novemba siku ya kuwaombea marehemu wote, na tarehe yenyewe ya kifo. Siku mbili kabla ya kila tarehe mtu anatuma meseji au anapiga simu. Sio lazima maneno mengi, "mama tunakumbuka kesho ni siku ya baba, tupo na wewe" inatosha. Mwezi wa Novemba jumuiya inaweza kuandikisha nia ya misa kwa marehemu wote wa mwaka huo na majina yasomwe yote, na wale vichanga.

Kusafisha makaburi nako mfanye pamoja. Kama marehemu kazikwa Kinondoni au makaburi ya mtaani ni rahisi, majembe na mafyekeo asubuhi mapema. Kama kazikwa kijijini kwao mbali, mfiwa hawezi kwenda kila mara, basi siku hiyo sala ifanyike kwake, picha iwekwe mezani na mshumaa.

Mfiwa akianza kucheka tena, akianza kuvaa rangi, akija kwenye harusi ya mtu, msimsengenye. Na akiamua kuoa au kuolewa baada ya muda wake, hilo ni lake na Mungu wake.

Mwisho kabisa ni suala la makabidhiano. Uchaguzi wa jumuiya ukifika, mwenyekiti mpya anapewa muhuri na salio la mfuko, na misiba iliyo katikati inapotea hapohapo, mfiwa wa mwezi wa tano anashangaa mbona hawaji tena. Siku ya kukabidhiana daftari la misiba lifunguliwe, katibu anayetoka asome ukurasa kwa ukurasa kila nyumba ambayo mwaka haujaisha, mnamtembelea lini, watoto wako darasa la ngapi, cheti cha kifo kimetoka au bado, na kwa kila jina atajwe mtu atakayepita wiki hiyo.